Kusafisha mfereji wa mpunga Usangu

Rujewa na Igurusi, katika bonde la Usangu wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, huishi kwa mifereji. Wabaluchi, wahamiaji wenye asili ya Baluchistan, walichangia kueneza mpunga wa kumwagilia huku; miaka ya 1970 China ikasaidia kujenga shamba la Mbarali.

Mfereji wa udongo usafishwe kabla ya kuandaa vitalu. Fungeni banio, yaani lango la kuingizia maji mferejini, tope likauke kiasi, kisha anzeni chini mkipanda juu ili maji yaliyobaki yapate pa kutokea. Matete yang'olewe na mizizi; yakifyekwa tu, yatarudi. Tope litupwe mita 1 kutoka ukingoni, la sivyo mvua italirudisha.

Kosa kubwa ni kuchimba kupita sakafu ya zamani: maji hukaa chini ya midomo ya majaruba (vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta), na ugomvi wa zamu za maji huanzia hapo. Pimeni usawa kwa mpira wenye maji wanaotumia mafundi ujenzi. Mteremko wa sentimita 10 kwa mita 100 unatosha. Ukizidi sana maji hula kuta, ukipungua mchanga hutuama.

Tundu la kaa au panya lisizibwe mdomoni tu. Lichimbueni hadi mwisho, mjaze udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka za sentimita 10, mkishindilia kila moja. Banio lifunguliwe nusu kwanza, mtu atembee ukingoni akitafuta panapovuja.