SOMO: Kuchunguza jambo kisayansi kwa uzi na nati (soma lote ndipo uulize)

Swali hili limeshaulizwa hapa kwa kila sura: "nianzeje uchunguzi wa kisayansi?", "nadharia tete inaandikwaje?", "mbona jaribio langu limetoa majibu ya ajabu?" Nimejibu mpaka nimechoka. Naandika mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia kiungo cha somo hili tu.

Mfano wetu ni pendulamu, yaani kizito kilichofungwa kwenye uzi kikaachwa kibembee. Nimeuchagua kwa sababu hauhitaji maabara, na kwa sababu watu wengi huwa na jibu tayari kabla hawajapima chochote.

Hatua ya 1: Swali. Liwe la kujibiwa kwa kipimo: "Je, kuongeza uzito kunabadilisha muda wa mbembeo mmoja?" (Mbembeo mmoja ni kwenda na kurudi, si kwenda tu.)

Hatua ya 2: Tazama, kisha soma waliyokwisha kupima wengine. Basi.

Hatua ya 3: Nadharia tete na utabiri. Nadharia tete ni jibu la muda unaloliweka mezani ili lipigwe. Sharti lake ni kwamba liweze kushindwa. Mwanafalsafa Karl Popper alilishikilia hilo tangu 1934 na mpaka leo hakuna aliyepata njia rahisi zaidi ya kutenga dai linalochunguzika na porojo. "Huenda uzito una athari fulani" haiwezi kushindwa, kwa hiyo haikufai kitu. "Uzito ukiongezeka mara mbili, muda utapungua" inaweza kuanguka leo hii hii, na ndiyo unayoitaka. Ukishaipata, andika utabiri wako kwa kalamu, na tarehe, kabla ya kupima. Ukiyaona matokeo kwanza utaapa kwamba ulijua tangu mwanzo. Waliopiga picha nyota karibu na jua lililopatwa, Mei 1919, kisiwani Principe na huko Sobral, Brazili, walikwenda na tarakimu mkononi: Einstein alitabiri mwanga wa nyota unaopita karibu na jua upinde mara mbili ya kiasi kinachotokana na hesabu za Newton. Kipimo kilikuwa na cha kuamua.

Hatua ya 4: Badilisha kitu kimoja tu. Majaribio mengi hufia hapa, kwa hiyo punguzeni mwendo.

Chochote kinachoweza kubadilika katika jaribio huitwa kigeu. Kimoja unakibadilisha kwa makusudi (uzito), kimoja unakipima (muda), na vingine vyote unavishika visisogee: urefu, pembe ya kuachilia, mahali pa kufungia. Sentensi hiyo kila mtu ameikariri, na wengi wanaivunja bila kujua. Inatokea hivi. Umefunga nati moja kwenye uzi. Kutoka juu hadi katikati ya nati ni sentimita 50. Unapima mibembeo 10, unapata karibu sekunde 14.2. Unataka kuongeza uzito, basi unaning'iniza nati ya pili chini ya ya kwanza, na ya tatu chini ya ya pili. Uzi hujaugusa. Unapima tena: sekunde 14.9. Unaandika, kwa furaha, kwamba uzito hufanya pendulamu ibembee polepole.

Sivyo. Urefu wa pendulamu hauishii uzi unapoishia. Unahesabiwa, kwa makadirio mazuri, hadi kitovu cha uzito cha kile kinachoning'inia. Ulipopanga nati kuelekea chini, kitovu kilishuka sentimita 5, na pendulamu ya 50 ikawa ya 55. Zile sekunde 0.7 ni za urefu. Umebadilisha vitu viwili ukidhani umebadilisha kimoja, na daftari lako halitakuonya, kwa sababu kwenye safu ya "urefu wa uzi" umeandika 50 kotekote.

Dawa yake: zitundike nati zote kwenye kulabu moja, ubavu kwa ubavu, au tumia tufe mbili ndogo za kipenyo kimoja, moja ya mbao na nyingine ya chuma. Kila unapobadilisha kizito, pima urefu upya hadi katikati yake, hata kama una hakika haujabadilika. Hasa kama una hakika.

Tahadhari nyingine, na hizi msiziruke:

– Pembe isizidi digrii 10 au 15, na iwe ile ile kila mara. Ukiachilia kutoka digrii 60, muda unaongezeka kwa karibu asilimia 7. Galileo mwenyewe aliamini pembe haina athari. Mwanasayansi Mholanzi Huygens ndiye aliyeonyesha kwa hesabu, katika kitabu chake cha 1673, kwamba inayo.
– Achilia, usisukume.
– Uzi ubanwe juu, usizungushwe kwenye msumari. Ukiuzungusha, unajikunja na kujikunjua wakati wa kubembea na urefu unabadilika mbele ya macho yako.
– Mpimaji awe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Na pale ambapo huwezi kupima "bila kitu fulani" na "pamoja nacho" kwa chombo kimoja, unahitaji kundi la ulinganisho. Daktari Mwitalia Francesco Redi, 1668, alitaka kujua kama funza huzaliwa na nyama inayooza. Aliweka nyama kwenye mitungi, mingine wazi, mingine imefunikwa kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Funza walitokea ndani ya ile iliyo wazi, ambamo nzi waliingia. Angekuwa na mitungi iliyofunikwa peke yake, asingejua kama ni kitambaa kilichozuia funza au nyama ile ilikuwa haina funza tangu hapo.

Hatua ya 5: Rudia. Pima mibembeo 10 kisha gawanya kwa 10, na ufanye hivyo mara tano au zaidi. Kidole chako huchelewa karibu sekunde 0.2 kubonyeza saa; ukigawanya, kosa hilo linabaki 0.02 kwa kila mbembeo.

Hatua ya 6: Andika kila kipimo, pamoja na kile kinachokuudhi.

Hatua ya 7: Hitimisho lisizidi vipimo. Ulipima kati ya gramu 20 na 200? Sema hivyo. Usiandike "imethibitika kwamba uzito hauna athari kamwe". Andika "kati ya gramu 20 na 200, sikuona tofauti inayozidi kosa la kipimo".

Hatua ya 8: Eleza ulichofanya kiasi cha mtu asiyekujua kuweza kukirudia bila kukuuliza chochote.

Maswali yaanze. Mliosoma tu.

---

Kasi_Mpya: Mkuu somo zuri ila refu. Weka kwa kifupi basi.

Mwandishi: Hatua nane, na nusu yake ni mstari mmoja mmoja. Soma.

Njiwa Manga: Nimejaribu, na uzito UNABADILISHA muda. Nati 1, sekunde 14.1. Nati 4, sekunde 15.3. Vitabu vinatudanganya?

Mwandishi: Nati nne ulizipangaje?

Njiwa Manga: Moja chini ya nyingine.

Mwandishi: Hatua ya 4.

Njiwa Manga: Lakini uzi ni ule ule.

Mwandishi: Hatua ya 4, aya inayoanza na "Sivyo". Sitaiandika upya.

Bint Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye uzi na nati nimeelewa. Sasa kwa binadamu inakuwaje? Huwezi kuwashika watu wakawa sawa kwa kila kitu.

Mwandishi: Marahaba. Hili ndilo swali. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind alikuwa na mabaharia 12 wenye kiseyeye. Alichagua wagonjwa waliofanana hali, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula cha msingi kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Kila jozi ikapewa tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka kuliko wote. Hiyo ni hatua ya 4 ikitumika kwa watu, kadiri ilivyowezekana wakati ule.

Kinachokosekana kwa Lind ni bahati nasibu. Leo anayeamua nani aingie kundi lipi ni kura, si daktari, kwa sababu daktari anaweza, bila hata kukusudia, kumpa dawa mpya yule anayeonekana atapona. Kura haiwafanyi watu wawe sawa. Inazitawanya tofauti zao, zikiwemo zile usizozijua, pande zote mbili, na kadiri watu wanavyokuwa wengi ndivyo zinavyokaribia kulingana.

Bint Swali: Na kuficha nani kapata nini? Nimesoma kwamba hata mpimaji hatakiwi kujua. Kwa nini, kama ni mkweli?

Mwandishi: Kwa sababu ukweli hautoshi. Kulikuwa na farasi Berlin, Hans, aliyegonga kwato kujibu hesabu, na mwenye farasi hakuwa tapeli. Hata watu wengine wakimuuliza alijibu. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akachapisha uchunguzi wake. Alikuwa amebadilisha kitu kimoja: muulizaji asijue jibu. Farasi akaanza kukosea. Kumbe alikuwa anatazama mwendo mdogo sana wa kichwa na mwili wa muulizaji pale hesabu ya kwato ilipofika jibu. Waulizaji hawakujua kwamba wanatikisika. Hata Pfungst, baada ya kuligundua hilo, hakuweza kujizuia kabisa asitikisike. Ndiyo maana mpimaji anafichwa.

Bint Swali: Asante sana. Basi nikichunguza vitu vyangu nitamwomba mdogo wangu abadilishe vizito bila kuniambia.

Mwandishi: Umenizidi. Hilo nilipaswa kuliweka kwenye somo.

Mzee wa Grafu: Kipimo kimoja kimekaa vibaya, nimekifuta ili wastani utulie. Si sawa tu?

Mwandishi: Si sawa.

Mzee wa Grafu: Lakini kinaharibu grafu.

Mwandishi: Kinaharibu grafu uliyoitaka. Kama kuna sababu unayoijua, mfano nati iligonga meza, kiache daftarini, andika sababu pembeni, na useme wazi kwamba hukukiingiza kwenye wastani. Kama sababu huijui, kinabaki.

Tafakuri: Wanasayansi halisi hawafuati hatua nane. Mnajimu wa nyota hawezi kubadilisha kigeu chochote. Somo hili linawapa watu picha ya uongo.

Mwandishi: Sikusema wanafuata orodha. Ndiyo, uchunguzi halisi hurudi nyuma, huruka hatua, na mara nyingi swali lenyewe hubadilika katikati. Na ni kweli nyota hazibadilishwi. Anayezichunguza hutafuta nyota zilizokwisha kutofautiana kwa kitu kimoja na kufanana kwa vingine, au husubiri kupatwa kwa jua kama wale wa 1919. Lakini anayeuliza "nianzeje" anahitaji pa kuanzia. Ukiwa na somo bora liweke, nitalisoma.

Njiwa Manga: Nimezitundika zote nne kwenye kulabu moja, nikapima urefu upya. 14.2 na 14.2. Samahani mkuu.

Mwandishi: Usiombe samahani, na vile vipimo vya kwanza usivitupe. Muda wa pendulamu hufuata kipeuo cha pili cha urefu: urefu ukiwa mara nne, muda ni mara mbili. Ukikokotoa kutoka sekunde 15.3 utapata urefu wa karibu sentimita 58. Zipange tena kama mwanzo, pima kutoka juu hadi katikati ya zile nati nne, uniambie.

Njiwa Manga: 57 na nusu!

Mwandishi: Kumbe ulikuwa na jaribio zuri la urefu, ila kichwa cha habari ndicho kilichokosewa.

Fundi Saa: Naongeza mawili. Kwanza, ukiachilia sema "sifuri", si "moja". Ukianza na "moja" unapima mibembeo 9 na kuiita 10. Pili, usibonyeze saa kizito kinapogeuka juu, pale kinasita na jicho linadanganyika. Weka alama chini katikati, bonyeza kinapoipita kwa kasi.

Mwandishi: Yote mawili ni sahihi. Ukiwa na simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde unaweza kuacha kidole kabisa: rekodi, kisha hesabu picha moja moja. Kila picha ni karibu sekunde 0.033.

Kipepeo: Je, nikiipeleka pendulamu hiyo hiyo nchi nyingine itanipa muda ule ule?

Mwandishi: Karibu sana, lakini si ule ule. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer, akiwa Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta, alikuta saa ya pendulamu aliyotoka nayo Paris inachelewa kama dakika mbili na nusu kwa siku. Ilibidi aifupishe pendulamu. Newton akalitumia hilo kama ushahidi kwamba dunia imetuna kwenye ikweta na mvutano wake pale ni mdogo zaidi. Kwa saa yako ya simu na uzi wa sentimita 50 huwezi kuiona tofauti hiyo kwa mibembeo 10. Richer alikuwa na siku nzima za mibembeo ya kujumlisha.

Kasi_Mpya: Haya nimesoma lote. Nataka kujaribu lile la maji ya moto kuganda kabla ya ya baridi. Ni kweli au si kweli?

Mwandishi: Karibu tena. Erasto Mpemba aliliona akiwa mwanafunzi mwaka 1963, akachekwa kwa kuuliza, na mwaka 1969 yeye na mhadhiri wa fizikia Denis Osborne wakalichapisha. Mpaka sasa linabishaniwa. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima wakashindwa kuliona, na walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunatosha kukupa matokeo yanayofanana nalo. Amua kwanza "kuganda" ni nini kwako: kufika nyuzijoto 0, barafu ya kwanza kutokea, au maji yote kuwa barafu? Andika, kisha anza.

Kasi_Mpya: Kipimajoto nikiweke kina gani?

Mwandishi: Chochote, mradi ni kile kile kwenye vyombo vyote na umekiandika. Kifunge kwenye kijiti kisielee.