Kubadilisha springi za hewa za Range Rover P38A

Raba ya springi za P38A (1994 hadi 2002) huchakaa pale inapojikunja juu ya pistoni yake, yaani kitako cha chini cha springi. Mchanga na matope hukaa kwenye mkunjo huo na kuisaga kila gari linapopanda na kushuka. Pandisha gari kimo cha juu kabisa, nyunyiza maji ya sabuni kwenye mkunjo, chungulia kwa tochi. Nyufa zinazoonyesha nyuzi za ndani, au povu linaloota, springi imekwisha. Usiahirishe: kompresa (pampu ya hewa) inayojaza springi inayovuja haipumziki, na itaungua.

Asubuhi ukikuta gari limeshuka kona zote nne, huenda springi inayovuja ni moja tu. Kompyuta ya springi za hewa huamka kila baada ya saa chache na kushusha kona nyingine zilingane na iliyo chini. Kumjua mkosaji, chomoa plagi ya kompyuta hiyo, iliyo chini ya kiti cha mbele, gari lilale hivyo usiku mmoja; kona itakayoshuka ndiyo inayovuja.

Nunua springi mbili kwa ekseli (za mbele na za nyuma si sawa), klipu mpya za kushikia springi na o-ringi (pete za raba za kuziba hewa) za viungio vya bomba. Klipu za zamani zina kutu na hukatika mkononi.

Osha eneo la kazi kwanza. Weka vigingi kwenye matairi, inua gari, kisha stendi zikae chini ya chesisi, si chini ya ekseli. Hapa hakuna mzaha: hewa ikitoka, bodi huanguka hadi kwenye raba za kikomo (raba zinazoizuia isigonge ekseli), na mkono ulio katikati haupati nafasi ya kutoka. Toa gurudumu, shikilia ekseli kwa jeki, chomoa plagi ya kompyuta.

Vaa miwani. Kama una kifaa cha kupima gari (kinachosoma hitilafu za kompyuta), toa hewa kwa kukitumia. Kama huna, sukuma kola ya kiungio ndani na uvute bomba taratibu; likianza kufoka, acha limalize lenyewe. Kisha toa klipu mbili za juu na ya chini, shusha ekseli, springi itachomoka.

Ncha ya bomba ikiwa na mikwaruzo, ikate milimita chache kwa wembe mkali, mraba kabisa. Msumeno huacha vinyuzi vinavyokata o-ringi, halafu unailaumu springi mpya bure. Sukuma bomba mpaka mwisho, kisha livute: lisitoke.

Funga springi bila kuisokota. Usiijaze hewa kabla ya klipu zote kuingia, wala usiiachie uzito ikiwa tupu, kwani raba hubanwa vibaya na kupasuka ikiwa bado mpya. Rudisha gurudumu na plagi, shusha gari kidogo tu, chesisi ikae chini ya kimo cha kawaida lakini bado imebebwa na stendi. Kompyuta ikiona kimo tayari ni sawa, haitajaza kitu. Washa injini, funga milango yote. Mlango mmoja ukiwa wazi mfumo hausogei. Tanki la hewa likiwa tupu, subiri dakika kadhaa. Chesisi ikishanyanyuka juu ya stendi, ndipo uzitoe.

Ujumbe wa hitilafu ukibaki kwenye dashibodi, ufute kwa kifaa cha kupimia. Nyunyiza sabuni tena juu ya springi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, na upime tena asubuhi.