Imeili moja kompyuta mbili, achana na POP
Kama home mna kompyuta mbili na imeili ni moja, ya duka mathalani, usiiweke kwa POP, njia mojawapo ya kupokea imeili. Hiyo inashusha meseji kwenye mashine moja na mara nyingi inazifuta kule kwenye seva (kompyuta ya kampuni inayotunza imeili), ndo maana wife alikuwa anafungua laptop anakuta patupu kumbe oda zote ziko desktop ya sebuleni, tukalaumiana wee. Weka IMAP, hii inaacha meseji kwenye seva na kila mashine inaziona. Kwenye Thunderbird, programu ya kusomea imeili, ongeza akaunti upya, kwa Gmail seva ni imap.gmail.com poti 993, ya kutuma smtp.gmail.com poti 465, zote kwa ulinzi wa SSL, halafu rudia hivyohivyo mashine ya pili. Ila ukifuta mashine hii, na kwenye ile nyingine imeenda, watoto wasiguse! Zile za zamani zilizokwama kwenye POP ziburute tu kwenda folda ya IMAP, zitapanda zenyewe, bando liwe limeshiba lakini.