Kununua na Kutunza Mashua Kuukuu ya Mbao Ukiwa Mkazi wa Nairobi

Wengi wanaoniuliza hapa Nairobi kuhusu mashua za zamani huanza na bei. Mimi huwauliza kwanza ni nani atakayeitazama mashua hiyo siku ambazo wao wako kazini, karibu kilomita 500 kutoka Mombasa. Chombo kilichopigwa misumari na kuzibwa kwa pamba kinahitaji jicho la kila siku, kwa hiyo mpangilio wangu huanza na watu.

Hatua ya kwanza: pata fundi na mlinzi kabla ya kupata mashua. Lamu, hasa katika kijiji cha Matondoni, bado kuna mafundi wanaounda na kukarabati vyombo vya mbao. Tafuta fundi asiye na uhusiano na muuzaji, umlipe kwa ukaguzi hata kama hutanunua. Mlinzi naye awe mkazi wa hapohapo ufukweni, atakayeweza kukumba maji ya ngama, yaani yanayojikusanya chini ndani ya chombo, na kukagua kamba za nanga kila siku. Ukikosa watu hawa wawili, ahirisha ununuzi.

Wapo wanaotaka kukileta chombo Nairobi ili wakikarabati taratibu uani. Siwashauri hivyo, kwa sababu hewa kavu ya huku juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, huzikausha mbao zilizozoea maji mpaka zikasinyaa na kupasuka. Ziwa Naivasha liko karibu, na maji yake matamu hayana wadudu wa baharini watoboao mbao, lakini maji hayohayo huleta uozo upesi kuliko maji ya chumvi.

Hatua ya pili: kagua mashua ikiwa pakavu. Panga safari yako wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa kuwa hapo maji hupwa sana na chombo kilichoegemezwa kwenye magadi, yaani miti ya kukitegemeza, huonekana chote hadi mkuku, ule mti mkuu wa chini kabisa. Gonga kila ubao kwa nyundo ndogo: mbao nzima hutoa sauti kali, na iliyooza hutoa sauti nzito iliyofifia. Kisha dunga kwa ncha ya kisu ubao wa kwanza unaokutana na mkuku, mbao za kwenye nguzo ya omo (mbele ya chombo), na kila pembe ambapo maji ya mvua hutuama. Wanunuzi wengi huihofia bahari na kuisahau mvua, ilhali chumvi huzuia ukuvu na maji ya mvua huulisha.

Tazama pia vitundu vidogo kama ncha ya pini. Mdudu anayevitoboa, ambaye kwa hakika ni wa jamii ya chaza, huingia akiwa mdogo sana na kukulia ndani, hata ubao ukabaki ganda tupu huku uso wake ukionekana mzima. Mbao zilizogeuka nyeusi na laini kuzunguka misumari zinaonyesha kwamba chuma kimeoza, na kupigilia misumari mipya katika matundu yaleyale hakusaidii. Ukikuta hali hiyo katika mataruma (mbavu za chombo) mengi, achana na chombo hicho, hata kiwe na nakshi nzuri kiasi gani.

Hatua ya tatu: hakikisha hati. Usajili na cheti cha ukaguzi vithibitishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA, kabla hujatoa hata amana.

Hatua ya nne: tenga fedha za matengenezo zisizopungua bei ya kununulia. Hicho ni kipimo changu binafsi, nami hukisimamia kwa sababu ubao mmoja unapofunguliwa, mara nyingi taruma lililo nyuma yake nalo hudai kubadilishwa.

Hatua ya tano: fuata kalenda ya pepo. Kusi inapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, pandisha mashua pwani, toa pamba iliyochakaa kwenye maungio, kisha fundi atie kalafati upya kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Kwa upande wa chini, mafundi wa jadi huchoma makuti ili joto liwaue wadudu, kisha hupaka deheni ya chokaa na shahamu. Deheni ni nafuu lakini hurudiwa mara kwa mara. Mwenye mashua anayeishi Nairobi afadhali atumie rangi ya shaba, ambayo hudumu zaidi. Juu ya mstari wa maji, mafuta ya sifa, yaani ya maini ya papa, yanatosha.

Mashua iliyokaa pakavu itavuja siku ya kwanza inaporudi majini. Usiogope, bali mlinzi akae nayo na kukumba maji mpaka mbao zifure na maungio yajifunge. Ikiendelea kuvuja vilevile baada ya siku kadhaa, ipandishwe tena bamvua linalofuata, na fundi atafute ungio lililokosewa.