Jinsi ya kupanda pangaboi mara ya kwanza bila presha

Kuna watu wakikata tiketi ya Mtwara au Bukoba wakisikia ndege ni ya mapanga, yaani pangaboi, roho zinawaruka. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo naandika nilivyomwelekeza yeye.

Kwanza jua unapanda ipi. Precision Air wana ATR, zinaundwa Toulouse Ufaransa, ile ATR 72 inabeba watu kama 70 na ATR 42 ni ndogo yake. Air Tanzania wana Dash 8 Q400 za Canada zenye siti 76. Zote siti ni mbili kushoto mbili kulia, hakuna kubanwa katikati. Na jamani wanaoliita pangaboi kwa dharau wanakosea, panga linakula mafuta kidogo kwa safari fupi na linatua uwanja mfupi ambao jeti kubwa halithubutu, bila hizo mikoa mingi ingebaki na basi tu.

Begi sasa. Kabati za juu ni ndogo, kibegi cha matairi mara nyingi hakiingii, watakichukua pale pale chini ya ndege, kwa hiyo dawa, simu na hela weka kwenye mkoba mdogo ubaki nao.

Mnatembea kwa miguu mpaka kwenye ndege. Fuata njia mliyoonyeshwa, usikatize chini ya bawa hata kama panga limesimama. ATR mnapandia mlango wa nyuma, mbele ni mizigo, na mkiona chuma kimewekwa chini ya mkia msishangae, kinazuia ndege isikalie mkia watu wakijazana nyuma. Mama aliona panga la kulia limetulia huku injini inanguruma akadhani bovu. Hapana, ATR haina kile kiinjini cha ziada cha kuwashia umeme ikiwa chini, kwa hiyo wanalifunga panga breki, injini ya kulia inaendelea kutoa umeme na hewa.

Siti: usawa wa panga ndo kuna kelele na mtetemo, ukitaka utulivu kaa nyuma. Ila kama tumbo lako linachafuka, kaa karibu na bawa, hapo hapayumbi sana, vumilia kelele. Asubuhi hewa huwa tulivu kuliko mchana wa jua kali.

Ikisharuka kidogo mlio unapungua ghafla, hapo ndo watu wanashika rozari, kumbe rubani amepunguza nguvu tu, haihitaji tena ile ya kuondokea. Ikitua nayo inanguruma sana, ni mapanga yanasaidia breki.

Bawa liko juu kwa hiyo dirishani unaona chini vizuri, na kwenye Q400 ukikaa usawa wa injini unaona kabisa tairi zikitoka kabla ya kutua. Dar kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, omba kulia, ndo upande wa Mlima Kilimanjaro, kurudi omba kushoto. Kwenda Mtwara kaa kushoto uone bahari.