Ukienda kukaguliwa meno: kinachofanyika kwenye kiti cha daktari

Jino linaloanza kuoza haliumi. Gamba gumu la nje halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo tundu huweza kukua kwa miezi mingi bila mwenyewe kuhisi lolote. Maumivu makali huja uozo unapofika karibu na kiini cha jino, na hapo mara nyingi kuziba peke yake hakutoshi: ni kutibu mzizi au kung'oa. Nenda kukaguliwa ukiwa huna maumivu.

Kula kama kawaida kabla ya kwenda, hasa kama una kisukari, kisha piga mswaki. Beba dawa zote unazotumia, au piga picha ya maboksi yake. Mweleze daktari, hata asipouliza, kuhusu presha, kisukari, moyo, ujauzito, mzio wa penisilini na dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin. Dawa hizo usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Ukaguzi wenyewe huchukua muda mfupi. Daktari hupapasa taya na tezi za shingo, kisha huangalia ulimi juu na chini, mashavu kwa ndani na kaakaa. Anatafuta kidonda kilichopitisha wiki 2 bila kupona, au baka jeupe au jekundu. Meno ya bandia yavue. Kama unavuta sigara au unatumia ugoro au tambuu, sema ukweli, kwa sababu saratani ya kinywa huanza kimyakimya na hapo ndipo inapowahiwa.

Kisha jino moja moja, kwa kioo kidogo na kifaa chenye ncha. Utamsikia akimtajia msaidizi namba: "moja sita", "tatu saba". Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa: 1 ni juu kulia kwako, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni nafasi ya jino ukihesabu kutoka katikati. Chonge ni 3, gego kubwa la kwanza ni 6, gego la mwisho ni 8. Kwa meno ya utoto, robo hizo hizo nne huitwa 5 hadi 8. Shika namba unazozisikia, ili baadaye uweze kuuliza, "Hilo 36 lina nini?"

Fizi hupimwa kwa kijiti chenye alama za milimita kinachoingizwa taratibu kati ya ufizi na jino. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. 4 na kuendelea huashiria kuwa ufizi huenda umeanza kuachana na jino. Damu ikitoka hapo, usidhani umeumizwa. Ufizi wenye afya hautoki damu kwa kuguswa hivyo. Wengi wakiona damu kwenye mswaki huacha kusugua sehemu hiyo, na utando wa bakteria unaobaki ndio unaozidisha ugonjwa wa fizi.

Eksirei si ya kila ziara. Inahitajika zaidi kwa matundu yaliyojificha kati ya gego na gego, ambako jicho halifiki.

Kusafisha ndiko kunakozua hofu nyingi. Ugaga ni utando uliogandishwa na madini ya mate, na mswaki hauwezi kuubandua. Mashine huuvunja kwa mtetemo, huku maji yakimwagika na kufyonzwa. Baadaye utahisi mianya na meno kushtuka kwa baridi kwa siku kadhaa, na wengine husema kusafisha kumewalegeza meno. Sivyo. Mianya ilikuwepo, ugaga ndio ulioijaza, na ufizi uliovimba sasa umenywea. Madoa ya kahawia ya waliokulia kwenye maji yenye floridi nyingi, kama sehemu za Arusha na Kilimanjaro, hayatoki kwa usafi huu kwa kuwa yamo ndani ya gamba la jino.

Kabla hujaondoka uliza ni meno yapi yana shida, lipi lianze na gharama ya kila moja. Uliza pia urudi lini. Miezi 6 ni mazoea tu: mwenye ugonjwa wa fizi anaweza kuhitaji miezi 3, na mtu mzima mwenye kinywa salama anaweza kupewa mwaka au zaidi.

Mtoto mpeleke jino la kwanza likichomoza, au kabla hajatimiza mwaka. Dawa ya mswaki yenye floridi iwe kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha kiasi cha punje ya njegere. Mtu akikwambia mtoto anaharisha kwa sababu ya "meno ya plastiki" yanayopaswa kuchokolewa, kataa kabisa. Vivimbe vyeupe hivyo ni vichipukizi vya meno yake halisi, na kuvikata kumesababisha maambukizi na vifo. Anayeharisha apewe ORS na apelekwe kituo cha afya.