Kufungua trakea ya mgonjwa mwenye maambukizi ya njia ya hewa

Mgonjwa wa kifua kikuu au UVIKO-19 anapofunguliwa trakea (bomba la hewa shingoni) ili awekewe mrija wa kupumulia, hewa ya mapafuni hutoka moja kwa moja kuelekea usoni pa mpasuaji, na hatari kubwa imo katika sekunde chache kati ya kisu kuingia na puto la mrija, linalozuia hewa isivuje pembeni, kujazwa. Kwa wenzetu wa hospitali ya Maweni mjini Kigoma, au wa Kasulu na Kibondo, nashauri maandalizi yote yalenge sekunde hizo.

Kwanza jiulizeni kama upasuaji unaweza kusubiri. Kipimo cha GeneXpert, kinachotambua kifua kikuu, hutoa majibu kwa takriban saa 2, na mwenye kifua kikuu ambaye hali yake inaruhusu aanze dawa kwanza. Anayekabwa hasubiri majibu, lakini hata kwake wahudumu wavae barakoa ya N95 iliyobana vizuri (ndevu huacha upenyo), kinga ya macho, gauni na glavu. Wabaki wanaohitajika tu, na kisu kishikwe na mwenye uzoefu zaidi.

Ikiwa mgonjwa ana mrija mdomoni, mtaalamu wa usingizi ampe oksijeni ya kutosha, ahakikishe dawa ya kulegeza misuli imeshika barabara ili asikohoe, kisha ausukume mrija ndani kidogo, puto lipite mahali patakapokatwa. Mpasuaji akiifikia trakea aseme kwa sauti, "Simamisha!" Mashine ya kupumulia isimamishwe, pumzi itoke yote, ndipo akate. Kikatio cha umeme kisitumike kufungulia trakea, kwani penye oksijeni huweza kuwasha moto. Mrija wa mdomoni uvutwe hadi ncha yake iwe juu kidogo ya tundu, usitolewe. Mrija mpya uingizwe, puto lijazwe, uunganishwe kupitia kichujio, ndipo mashine iwashwe. Wa zamani utolewe baada tu ya kipimo cha kaboni dioksaidi katika pumzi kuthibitisha kuwa mpya umo ndani ya trakea. Oksijeni ya mgonjwa ikishuka mapema, huo wa zamani usukumwe tena ndani, puto lijazwe na mgonjwa apumuliwe. Haraka ya hofu ndiyo hutoboa puto.

Aliyezibwa koo na hana mrija asilegezwe misuli kabla njia ya hewa haijapatikana: afanyiwe akiwa macho, kwa ganzi ya shingoni.

Baadaye, makohozi yafyonzwe kwa mfumo uliofungwa, yaani bila kuuchomoa mrija kwenye mashine. N95 ivuliwe mwisho, nje ya chumba, mikono ikiwa safi. Chumba chenye hewa inayobadilishwa mara 12 kwa saa huhitaji dakika 35 hivi kuondoa asilimia 99.9 ya chembechembe. Pasipo mitambo hiyo, fungueni madirisha ya nje, fungeni mlango wa korido, na msubiri zaidi kabla ya kumwingiza mgonjwa mwingine.